Tumbo Lililofunga na Dawa Ivutayo Maji

Yako magonjwa ambayo watu huyasimulia barazani bila haya: homa, kikohozi, maumivu ya meno. Yako mengine ambayo mtu hutazama kwanza kama mlango umefungwa, ndipo ayataje, tena kwa sauti ndogo. Kufunga choo ni mojawapo. Mama mmoja wa Bukavu alitueleza kwamba alikaa karibu mwaka mzima akitibiwa maumivu ya mgongo, kwa sababu "mgongo" ndilo neno aliloweza kulitamka mbele ya mwuguzi kijana aliye sawa na mwanawe kwa umri. Basi, wasomaji wetu, leo tutasema wazi. Tumewasikiliza wagonjwa kadhaa waliotumia dawa zinazovuta maji tumboni, na yale waliyotuambia yafaa yasikiwe na wengine.

Tuanze na mtoto, kwa kuwa habari zake ndizo zilizotushika zaidi.

Alikuwa na miaka saba, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mchangamfu, mpenda mpira. Shuleni kwao vyoo vilikuwa viwili kwa watoto mamia, na kimoja kilikuwa hakina mlango. Mtoto aliona haya, akajizuia mpaka jioni. Jioni, kwa mchezo, akasahau. Siku moja choo kikatoka kigumu kama jiwe, kikamchana, na damu ikaonekana. Tangu siku ile akaogopa. Kila haja ilipomjia alijibanza nyuma ya mlango, miguu ameifumbata, amesimama juu ya ncha za vidole, uso umekunjamana. Bibi yake alipomwona hivyo alidhani anasukuma. Kumbe alikuwa anazuia!

Miezi ikapita. Ndipo likatokea jambo ambalo hakuna nyumbani aliyelielewa: mtoto yule yule aliyefunga choo akaanza kuchafua suruali kila siku. Mama akamchapa. Wenzake darasani wakampa jina ambalo hatutaliandika hapa. Bibi akasema, "Mwanangu, mtoto huyu anaharisha, mtafutie dawa ya kuzuia." Ikanunuliwa dawa ya kuzuia, na hali ikazidi kuwa mbaya. Baadaye wakampiga bomba kwa mpira, mara mbili kila juma, baba akimshika mikono na shangazi akimshika miguu. Mtoto akaanza kukimbia kila alipoona maji yanachemshwa.

Mwishowe walimpeleka kwa mwuguzi mmoja, mama wa makamo, ambaye hakuuliza mengi. Alimlaza mtoto chali, akamgusa tumbo upande wa kushoto, kisha akaushika mkono wa mama na kuuweka pale pale.

"Wasikia nini, mama?"

"Kitu kigumu. Kama ndizi."

"Ndicho choo chake cha majuma mengi. Na hayo yanayochafua suruali ni maji yanayopita kandokando ya jiwe hilo. Utumbo wake umetanuka hata hausikii tena. Mtoto hajui yanapotoka."

Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nami nimemchapa kwa ajili hiyo."

"Usimchape tena," akajibu mwuguzi, akaanza kuandika karatasi ya dawa.

Dawa aliyoiandika ilikuwa unga mweupe wa kukorogwa katika maji. Kabla hatujaeleza yaliyofuata, inafaa tujue unga ule hufanyaje kazi.

Kila mpishi wa kwetu anaijua kanuni hii, ingawa hajapata kuisoma kitabuni. Ukikata kabichi na kuinyunyizia chumvi, baada ya muda mfupi utakuta maji chini ya bakuli. Makayabu hukaa siku nyingi bila kuoza kwa sababu chumvi imeyavuta maji ya nyama yake. Palipo na vitu vingi vilivyoyeyuka, maji huelekea huko. Waganga hukuita kuvutana huku osmosi. Sasa, katika tumbo la mtu mzima mzima wa afya hupita kila siku lita 8 au 9 za maji: mbili hivi ni za kinywaji na chakula, zilizobaki ni mate, nyongo na majimaji ya matumbo yenyewe. Utumbo mwembamba hunyonya sehemu kubwa, utumbo mpana hunyonya masalio, na kinachotoka na choo ni mililita 100 au 200 tu. Choo kikikawia ndani, utumbo mpana huendelea kunyonya hata kikawa kokoto.

Hapa ndipo shauri la "kunywa maji mengi", ambalo kila mtu hulitoa bure, linapoonyesha udhaifu wake. Aliyepungukiwa na maji, kama mkulima wa kiangazi au mzee anayeogopa kuamka usiku, atafaidika. Lakini asiyepungukiwa akinywa lita mbili zaidi, matumbo yatazinyonya, figo zitazitoa, na choo kitabaki kama kilivyokuwa. Inatakiwa kiwepo kitu ndani ya utumbo cha kuyashika maji yasiondoke. Kitu hicho ndicho dawa tunayoisimulia.

Dawa ya zamani ya namna hii wazee wetu wanaijua kwa jina la chumvi ya haluli. Asili yake ni kisima cha mji mdogo wa Epsom, kusini ya London. Husimuliwa kwamba mwaka 1618, wakati wa ukame, ng'ombe wa mchungaji mmoja walikataa kunywa maji ya pale kwa uchungu wake. Watu walioyaonja wakajua upesi kazi yake. Mwaka 1695 mganga Nehemiah Grew akaandika kitabu kizima juu ya chumvi ile. Ni chumvi ya magnesiamu. Mwili huinyonya kidogo tu, basi hubaki matumboni, ikavuta maji, na katika muda wa nusu saa mpaka saa sita mtu hutafuta choo kwa mbio.

Mwalimu mmoja mstaafu alituambia kwamba aliinywa haluli kila Jumamosi kwa zaidi ya miaka thelathini "ili kufua tumbo", kama alivyofundishwa na baba yake. Tulimwuliza, siku zilizofuata ilikuwaje? Akasema Jumapili, Jumatatu na Jumanne hakupata choo kabisa, ndiyo maana alijua kwamba bado ni mgonjwa. Wasomaji, mtego ni huo! Utumbo uliofagiwa wote hauna kitu cha kutoa. Huhitaji siku mbili tatu ili kujaa tena. Mzee alidhani ni ugonjwa kile kilichokuwa kazi ya dawa yenyewe, akanywa tena, na mviringo ukaendelea maisha yote.

Kisha miguu ikaanza kumvimba. Damu yake ilipopimwa ilionekana kwamba figo zimechoka. Si haluli iliyoziharibu, kwa maana alikuwa na ugonjwa wa presha kwa miaka mingi. Lakini figo zilizochoka haziwezi kuitoa magnesiamu. Hukusanyika katika damu, hushusha presha, hulegeza viungo, na ikizidi huweza kuzuia pumzi na kusimamisha moyo. Mganga alimkataza siku ile ile, akampa unga wa makrogoli.

"Niliudharau," alisema mwalimu, huku akicheka. "Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Nikamwambia mke wangu, tumeuziwa unga wa muhogo. Siku ya tatu nikaenda chooni kama mtu mwingine yeyote, pasipo jasho, pasipo mbio. Niliudharau kwa sababu haukunitesa."

Maneno hayo, kwa namna mbalimbali, tumeyasikia kwa wengi. Wamezoea kwamba dawa ya tumbo ni lazima ingurume, ikate, imkimbize mtu. Isipofanya hivyo huonekana haina nguvu, nao huongeza kipimo mara mbili, kisha mara tatu, mpaka waharishe kweli, na hapo ndipo huacha dawa wakisema ni kali mno.

Kati ya dawa mpya zaidi ziko mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni laktulozi, sukari iliyotengenezwa kwa ufundi, ambayo mwili wa mtu hauna uwezo wa kuivunja. Mganga wa watoto wa Austria aitwaye Petuely aliichunguza mwaka 1957 akitafuta chakula cha watoto wachanga, na miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Mayerhofer wakaeleza jinsi inavyowafaa waliofunga choo. Sukari hii hupita utumbo mwembamba bila kuguswa. Ikifika utumbo mpana, vijidudu vya huko huila na kuigeuza kuwa asidi inayovuta maji. Pamoja na hayo hutoa hewa. Kwa hiyo wagonjwa husema mambo mawili: ni tamu mno, na tumbo hunguruma kama ngoma. Mama mmoja alicheka akisema kwamba aliogopa kwenda kanisani juma zima. Mara nyingi hewa hiyo hupungua baada ya siku chache, hasa mtu akianza na kipimo kidogo.

Ya pili ni makrogoli, ule unga wa mwalimu na wa mtoto wetu. Ni mnyororo mrefu wa chembe unaoyashika maji, na vijidudu haviwezi kuula. Ndiyo maana hewa si nyingi. Mwaka 1980 waganga wa Marekani walieleza jinsi maji mengi yenye makrogoli na chumvi yanavyoweza kuosha utumbo kabla ya kuchunguzwa kwa chombo. Kipimo kidogo cha kila siku kwa waliofunga choo kilienea Ulaya katika miaka ya 1990, na serikali ya Marekani ikakikubali mwaka 1999. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni gramu 17 katika glasi ya maji, mara moja kwa siku. Kwa mtoto hupimwa kwa uzito wake, na kazi hiyo ni ya mganga. Mwaka 2010 wataalamu waliyakusanya majaribio 10 yenye wagonjwa 868, watoto na wakubwa, yaliyolinganisha dawa hizi mbili, wakaona makrogoli inafaa zaidi. Hata hivyo, anayepata laktulozi tu asikate tamaa. Ni dawa njema pia.

Neno juu ya mama wajawazito. Mimba yenyewe hulegeza matumbo, na vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, huongeza ugumu wa choo na kukifanya cheusi. Mama mmoja wa Uvira alivitupa vidonge vyake nyuma ya nyumba, akawa anaitikia kila alipoulizwa kama anavimeza. Alipokaribia kuzaa, damu yake ilikuwa imepungua hata ikabidi jamaa watafutwe wa kumtolea damu. Alipopona alisema, "Lau ningalimwambia mkunga kwamba ninaumia chooni, lakini wanaume walikuwa wamekaa pale mlangoni." Laktulozi na makrogoli hazinyonywi na mwili isipokuwa kwa uchache sana, kwa hiyo wakunga na waganga huwapa wajawazito. Tatizo lilikuwa neno moja lisilosemwa, nasi tunawaomba wenye kupanga mabenchi ya wagonjwa walifikirie jambo hili.

Na neno jingine juu ya wagonjwa wa saratani wanaopewa mofini. Kichefuchefu cha mofini hupungua baada ya siku chache, bali kufunga choo hakupungui kamwe mradi dawa inaendelea. Binti mmoja aliyemwuguza mama yake nyumbani alituambia kwamba maumivu ya saratani yalipotulia, mama aliikataa mofini yenyewe, akisema afadhali aumwe na saratani kuliko kuumwa na tumbo. Ndiyo sababu waganga wazoefu huandika dawa ya kulainisha choo siku ile ile wanapoandika mofini, wala hawangoji malalamiko. Shirika la Afya la Ulimwengu limeitia laktulozi, pamoja na sena, katika orodha ya dawa za lazima kwa wagonjwa wa namna hii.

Lakini si kila tumbo lililofunga hutakiwa kufunguliwa kwa dawa, na hapa twawasihi wazazi wasome polepole. Tumbo likivimba ghafla, likauma, mtu akatapika, asitoe choo wala hewa, huenda utumbo umejisokota kama kamba; katika nchi zetu jambo hili huwapata wanaume wengi walio wazima. Mwenye hali hiyo akinyweshwa haluli au kupigwa bomba, utumbo huweza kupasuka. Ahitaji mpasuaji, tena siku ile ile. Vivyo hivyo mwenye homa ya tumbo ya siku nyingi. Mtoto mchanga asiyetoa choo cha kwanza katika saa 48 apelekwe hospitalini. Huenda sehemu ya utumbo wake haina mishipa ya fahamu, ugonjwa ambao mganga Hirschsprung wa Copenhagen aliueleza mwaka 1886. Na mtu mzima ambaye choo chake kimebadilika karibuni, chenye damu, naye akikonda, asijitibu kwa unga wa aina yoyote kabla hajachunguzwa.

Kwa upande mwingine, mtoto anyonyaye maziwa ya mama tu, mwenye umri wa miezi kadhaa, aweza kukaa hata juma bila choo, naye ni mzima, anacheka, ananenepa. Twajua nyumba ambamo mtoto kama huyo hupigwa bomba kila asubuhi, na wengine hutia majani makali, hata pilipili. Tungependa desturi hii ife. Mtu mzima naye, akipata choo mara tatu kwa siku au mara tatu kwa juma, bila maumivu, yote mawili ni hali ya kawaida. Hakuna sumu inayopanda kichwani kwa sababu Jumanne imepita bila choo.

Je, wazee wetu walikuwa wakiugua hivi? Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi miaka mingi huko Kampala, alijiuliza swali hilo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza vipimo vyao: wanavijiji wa Uganda walitoa kwa wastani karibu gramu 470 za choo kwa siku, na chakula kilipita tumboni mwao kwa saa 36 hivi, wanamaji wa Kiingereza na wake zao walitoa gramu 104, nacho kilichukua saa 83. Wengi walicheka kwamba msomi mzima anapima choo. Lakini aliona kweli kwamba maharagi, majani na nafaka isiyokobolewa huacha masalio mengi yanayoshika maji, kwa njia iliyo karibu na ile ya unga wetu. Mtu akihamia mjini akala mkate mweupe asubuhi na bukari ya unga laini jioni, sombe na lengalenga zikawa chakula cha Jumapili, tumbo lake litamwambia. Ila tusizidishe: jiwe likishakaa ndani, kama kwa mtoto wetu, majani peke yake hayaliondoi.

Turudi kwake basi. Mwuguzi alimpa kipimo kikubwa kwa siku chache za kwanza, akawaonya kwamba suruali zitachafuka zaidi kabla ya kutakata. Ilikuwa hivyo hasa. Siku ya nne jiwe likatoka, na bibi akapiga vigelegele uani, majirani wakauliza kuna harusi gani. Kipimo kikapunguzwa kiwe cha kila siku. Baada ya majuma matatu, mtoto akiwa mzima, mama aliacha kununua dawa. Fedha zilihitajika kwa mambo mengine, naye hakuona sababu ya kumnywesha dawa mtoto asiye mgonjwa. Katika mwezi mmoja yote yakarudi, hata suruali.

Mwuguzi hakumgombeza. Alimweleza kwamba utumbo uliotanuka ni kama mpira wa kiunoni uliovutwa mno: huhitaji miezi kurudi, na dawa inafanya kazi ya kuulinda wakati unarudi. Dawa isiachwe kabla ya miezi miwili kwa uchache, na mtoto awe amekaa mwezi mzima bila taabu. Halafu ipunguzwe kidogo kidogo. Vilevile mtoto akalishwe chooni kila baada ya chakula, dakika tano au kumi, miguu imekanyaga kitu imara, pasipo kufokewa. Bibi ndiye aliyejitwalia kazi hiyo, akimsimulia hadithi za sungura, na hadithi ikikatizwa na kazi iliyokusudiwa, iliendelea kesho yake.

Ilichukua miezi saba. Tulipomwona mara ya mwisho alikuwa akicheza mpira barabarani, wala hakutaka kuzungumza nasi juu ya tumbo lake, jambo tunalolielewa. Baba yake, ambaye siku zile alikuwa akimshika mikono, alikwenda Jumamosi moja shuleni na mbao, bawaba na misumari, pamoja na wazazi wengine wawili, wakakitia mlango kile choo kisichokuwa na mlango, na komeo upande wa ndani.